Binadamu Yupi?

Masika yakianza tu, naijua sentensi inayokuja. Mlima utashuka mahali: Kangema, Kigumo, Mathioya, Pokot, Chesongoch. Vijana wa kijiji watachimba matope kwa majembe na kwa mikono siku mbili tatu wakitafuta watu wao. Halafu helikopta itatua, mheshimiwa atashuka na gambuti mpya, unga na magodoro yatapigwa picha, na maikrofoni ikimfikia atawaomba wananchi wanaoishi kwenye miteremko wahamie sehemu salama. Kisha anapanda helikopta yake anarudi Nairobi. Hiyo sehemu salama iko wapi? Haulizwi, na yeye hasemi.

Shuleni tulipewa sentensi hiyo hiyo ikiwa imevaa yunifomu. Eleza sababu nne za maporomoko ya ardhi. Unaandika mvua kubwa, mteremko mkali, matetemeko, na ya nne unaipata bure: shughuli za binadamu. Alama mbili. Ukitaka ya ziada unaongeza kilimo na ukataji wa miti. Watoto wa nchi nzima wameimba jibu hilo mwaka baada ya mwaka, na wengine wao ndio leo wanaoshuka na gambuti mpya.

Sawa. Lakini binadamu yupi? Hilo neno lina kazi moja tu hapa, kuficha watu. Linamweka kwenye kapu moja mama mwenye robo ekari ya chai na mkandarasi aliyekata kiuno cha mlima ili apitishe barabara, halafu linagawa lawama sawasawa. Na wewe unajua lawama ikigawanywa sawasawa inamwangukia nani.

Tuanze na udongo wenyewe, maana mjini tunauzungumzia kama kitu cha kupangusa kwa viatu. Mwaka 1941 mwanasayansi Hans Jenny aliandika kitabu kilichopanga mambo matano yanayotengeneza udongo: mwamba mama, hali ya hewa, viumbe, umbo la ardhi na muda. Binadamu alimtia kwenye viumbe, safu moja na mchwa. Mimi naona alitupa heshima ya kutosha. Mchwa wa Ukambani wamegeuza udongo mwingi kuliko wizara yoyote.

Chukua Murang'a. Milima ya Aberdare ni lava na majivu ya volkano yaliyomwagika mamilioni ya miaka iliyopita. Mvua ikishuka hewani hubeba kaboni-dioksidi kidogo na kuwa asidi dhaifu. Inaingia kwenye nyufa za mwamba, inakula madini taratibu, yale yanayoyeyuka yanaenda na maji, na kinachobaki ni udongo wa mfinyanzi na chuma. Chuma kikikutana na hewa kinashika kutu. Ule wekundu wa barabara za Kangema ambao hautoki kwa soksi nyeupe ni kutu. Sentimita moja ya udongo huweza kuchukua miaka mia kadhaa kuumbika, na pale Murang'a udongo una kina cha mita nyingi. Fanya hesabu ujue unatembea juu ya muda wa namna gani.

Sasa hapo ndipo jibu la shule linapoanza kuvuja. Udongo mzito, mwekundu, wenye mfinyanzi, unaopata mvua nyingi, ndio unaozaa chai na kahawa. Na mteremko wenye udongo mzito, wenye mfinyanzi, unaopata mvua nyingi, ndio unaoporomoka. Ni kitu kile kile. Watu hawakupotea njia wakajikuta juu ya kigongo cha Mathioya. Walifuata udongo, jinsi watu wamefuata udongo tangu jembe la kwanza. Kumwambia mkulima wa pale kwamba amechagua kuishi mahali hatari ni kama kumwambia mvuvi wa Lamu kwamba ana tabia mbaya ya kukaribia maji.

Halafu kuna hili neno "ghafla". Maporomoko ya ghafla, vyombo vya habari vinalipenda sana. Udongo kwenye mteremko hausimami hata siku moja. Ukilowa unavimba na kuinuka kidogo kutoka usawa wa mteremko. Ukikauka unashuka, lakini haurudi palepale ulipotoka, unaangukia chini kidogo kwa sababu uzito unauvuta. Milimita chache kwa mwaka. Huoni chochote. Ila angalia mti uliopinda shina karibu na ardhi kisha ukanyooka juu, au nguzo za ua ambazo zote zimeinamia upande mmoja kama watu waliosimama kwa matatu inayopiga kona. Huo ni mlima unatembea, na umekuwa ukitembea tangu kabla babu yako hajazaliwa.

Kinachoushikilia ni vitu viwili vikubwa: chembe za udongo kubanana na kusuguana, na mizizi kufunga kila kitu pamoja. Mvua ya siku nyingi inashambulia cha kwanza. Maji yakijaa vitundu vyote vilivyo kati ya chembe, yanaanza kubeba sehemu ya uzito uliokuwa ukizibana. Msuguano unapungua. Wakati huohuo mlima wenyewe umekuwa mzito zaidi kwa sababu ya maji yale yale. Uzito unaongezeka, mshiko unapungua, hadi usiku mmoja hesabu inakataa. Ndiyo maana mara nyingi mlima hauanguki siku ya kwanza ya mvua. Unaanguka siku ambayo mmeshazoea.

Mizizi ina hadithi yake, na hii ndiyo inanikasirisha zaidi. Ukikata mti leo, mizizi haifi kesho. Inaoza polepole, miaka mitatu, mitano, wakati mwingine zaidi, na kila mwaka inashika kidogo kuliko mwaka uliopita. Ukipanda miche, mizizi yake bado ni myembamba kama nyuzi. Kwa hivyo kuna dirisha la miaka kadhaa ambapo ya zamani imeshaoza na mipya haijashika, na mlima unaning'inia hapo katikati. Mporomoko ukija, aliyekata alishauza mbao kitambo, amejenga, amesahau. Anayekutwa kitandani ni mtu mwingine kabisa. Jibu la "ukataji wa miti" linamhesabu aliyekata na aliyezikwa kama binadamu mmoja.

Tuende Mai Mahiu. Tarehe 29 Aprili 2024, alfajiri, maji na matope na mawe yalishuka kutoka Old Kijabe yakafagia nyumba za watu. Waliokufa walipita 50. Mwanzoni tuliambiwa ni bwawa limepasuka. Baadaye wizara ya maji yenyewe ikaeleza: hakukuwa na bwawa. Kulikuwa na tuta la reli lenye kalvati ya kupitisha maji, kalvati ikazibwa na magogo, mawe na takataka za mlimani, maji yakajikusanya nyuma ya tuta kama ziwa, kisha tuta likaachia. Sasa niambie, hiyo ni shughuli ya binadamu yupi? Mkulima wa viazi? Au yule ambaye kazi yake, kwa mshahara, ilikuwa kuhakikisha kalvati haizibi? Tukisema "janga la asili" hapo, tunaisingizia asili.

Barabara nazo ni vivyo hivyo. Mteremko unasimama kwa sababu sehemu ya chini inaegemewa na sehemu ya juu. Ukikata mguu wa mlima ili upate barabara pana, umeondoa egemeo. Mhandisi yeyote anajua hili, ndiyo maana kuna kuta za mawe kwenye nyaya na mitaro ya kutoa maji juu ya mkato. Vitu hivyo vina gharama, na ukipita barabara nyingi za vijijini huko milimani utaona gharama ilikatwa wapi: ukuta wa udongo mtupu umesimama wima kama keki, na juu yake, mita chache kutoka ukingoni, nyumba ya mtu na nguo kwenye kamba. Nyumba ilikuwepo kabla ya barabara. Mvua ikija, mwenye nyumba ndiye ataambiwa anaishi sehemu hatari.

Watu wanapenda kusema wakulima wetu ni wakaidi, hawataki kuelimishwa. Huo wimbo ni wa zamani kuliko nchi hii. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni walizunguka Machakos wakaona makorongo na vilima vilivyobaki mifupa, wakaamua Wakamba wana ng'ombe wengi mno. Kwamba Wakamba walikuwa wamebanwa kwenye hifadhi baada ya malisho yao kuchukuliwa, hilo halikuwa kwenye ripoti kwa herufi kubwa. Mwaka 1938 ng'ombe wakaanza kunyang'anywa na kuuzwa kwa lazima, na kiwanda cha nyama kilikuwa kimeshafunguliwa Athi River, tayari kuwapokea. Maelfu ya watu wakatembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Mbingu alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Yote hayo kwa jina la kuhifadhi udongo.

Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya Murang'a, enzi hizo ikiitwa Fort Hall. Watu walilazimishwa kuchimba matuta, kazi ya bure, na wengi waliopelekwa kushika jembe walikuwa wanawake. Mwaka 1947 wakaanza kukataa, na 1948 wanawake wakaandamana, wakakamatwa. Soma kumbukumbu za serikali za wakati ule utakuta lugha ileile: wajinga, wamechochewa, hawaelewi faida. Hakuna aliyeandika kwamba mtu aliyenyang'anywa tambarare ana sababu ya kuogopa kwamba akishatengeneza mteremko vizuri, nao utachukuliwa.

Ila ngoja uone kilichofuata. Machakos ile ile iliyotangazwa kuwa maiti ilikuwa na watu kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa milioni 1.4. Kwa hesabu ya "shughuli za binadamu", ilipaswa kuwa jangwa. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao mwaka 1994 wakionyesha kinyume: watu zaidi, mmomonyoko kidogo, miti mingi zaidi, mavuno mengi zaidi kwa ekari. Kilichobadilika? Watu walipata uhakika wa mashamba yao. Walipata soko la kahawa na mboga. Watoto walioajiriwa Nairobi wakatuma pesa nyumbani. Na vikundi vya mwethya, majirani kwa majirani, wakachimba matuta yale yale waliyokataa kuchimbishwa kwa kiboko.

Aina ya tuta waliyoipenda inaitwa fanya juu. Unachimba mtaro kufuata usawa wa kilima, halafu udongo unautupa upande wa juu, ndiyo maana ya jina. Unapanda nyasi kwenye tuta. Kisha unaacha mlima ufanye kazi: udongo unaotambaa kushuka unakwama nyuma ya tuta, mwaka baada ya mwaka, mpaka mteremko unajigeuza kuwa ngazi. Hakuna trekta. Wanachukua ule mwendo wa milimita na kuufanya kibarua. Na katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo, hadi leo, tuta hilo linaitwa fanya juu. Kiswahili cha shambani kimeingia maabara za dunia, na sisi tunaambiwa wakulima wetu hawana maarifa.

(Kabla hujanirukia: fanya juu ni dawa ya mmomonyoko kwenye nchi kavu kavu kama Ukambani. Kwenye mteremko mkali wa Murang'a wenye mvua nyingi, tuta linaloshika maji bila njia ya kuyatoa linaweza kuuongezea mlima ule uzito niliousema. Mmomonyoko wa juu juu na mporomoko wa chini kabisa ni magonjwa mawili. Afisa anayekuja na jibu moja kwa kila kilima naye hajasoma, hata kama ana cheti. Mimi sina, niliacha chuo karo ilipokatika, kwa hivyo hili nalisema bila kumwonea mtu wivu.)

Sasa turudi kwa "hameni". Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025 mlima ulishuka Chesongoch, Marakwet Mashariki, ukaua zaidi ya watu 20. Chesongoch! Mahali ambapo watu walikuwa wamekufa kwa maporomoko mwaka 2010, wakafa tena 2012, na mwaka 2020 mafuriko yakafagia kituo cha biashara. Wamarakwet si wageni wa ukingo ule. Wana mifereji ya maji waliyoichonga kwenye magenge, ya karne nyingi, inayoteremsha maji kutoka juu hadi mashamba ya bondeni, na kila ukoo unajua zamu yake. Ukitaka mtaalamu wa maji kwenye mteremko, yuko pale, ana shuka begani.

Unamwambia ahame, aende wapi? Chini kuna bonde la Kerio, ambako risasi za wezi wa mifugo zimewafanya watu wapande juu zaidi. Juu kuna msitu wa Embobut. Na Embobut ina somo lake. Baadhi ya familia zilizokuwa zikiishi humo zilikuwa wahanga wa maporomoko ya miaka ya nyuma. Yaani ni watu ambao mlima uliwafukuza, wakahama, kama wanavyoombwa wengine wahame leo. Waliishi humo pamoja na Wasengwer, ambao msitu ni kwao tangu zamani. Mwishoni mwa 2013 serikali ikatangaza shilingi 400,000 kwa kila familia, na Januari 2014 walinzi wa msitu wakaingia na nyumba zikachomwa. Mtu aliyeona hayo ukimwambia kwa maikrofoni ahamie sehemu salama, akuangalie kwa jicho gani?

Najua wengi mnaosoma hii mko Nairobi na mnaona milima ni stori za ushago. Haya basi, tuangalie chini ya keja zenu. Katika miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Tanganyika, aliona kwamba udongo wa Afrika Mashariki unapangika kufuata mteremko: mwekundu juu ambako maji yanapita na kwenda zake, mweusi wa mfinyanzi chini ambako maji yanakusanyika na kukaa. Akauita mpangilio huo katena, yaani mnyororo kwa Kilatini. Neno hilo leo linafundishwa dunia nzima, na lilizaliwa hapa kwetu.

Panda sasa matatu kutoka Muthaiga hadi Embakasi ukiangalia dirishani. Magharibi na kaskazini ya jiji ni vigongo vyenye udongo mwekundu, mvua inakatika na baada ya saa moja njia ni kavu. Huko wazungu walijipimia viwanja. Mashariki ni tambarare ya udongo mweusi, ule mafundi wanauita blakikotoni, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huko Mwafrika ndiko alikopangiwa kukaa. Hakuna aliyebahatisha. Mpango wa rangi ya ngozi ulilala juu ya rangi ya udongo, na uhuru ulipokuja tulirithi ramani pamoja na kodi ya nyumba.

Chumba ninachoandikia kina ufa unaoanza kona ya dirisha. Kiangazi unapanuka hadi sarafu inaingia, masika unajifunga. Kila mwaka mwenye nyumba anatuma fundi aupake simenti, na kila mwaka kodi inapanda. Kwa udongo huu unapaswa kuchimba ule mweusi uutoe wote, ufike kwenye mwamba au ujaze maramu na kuishindilia, ndipo uweke msingi. Ni pesa. Yeye alichagua simenti ya ufa, ni rahisi zaidi.

Na mafuriko ya 2024 yalipokuja, waliokuwa kando ya Mto Mathare nao walisikia ile sentensi. Hameni. Tingatinga zikafuata mwezi Mei, na ahadi ya shilingi 10,000 kwa kila familia. Hebu tafuta keja Nairobi na elfu kumi, ulipe na diposti, halafu uniambie umepata sehemu gani salama.

Kwa hivyo sitaki tena kusikia kuhusu elimu kwa umma. Umma umeelimika. Mtu wa Kigumo anajua kwamba nyufa zenye umbo la mwezi mchanga zikitokea juu ya shamba, mlango ukianza kukwama, na chemchemi iliyokuwa safi ikitoka tope, ni wakati wa kubeba watoto. Asichojua ni nani atapokea simu yake saa nane usiku, na atalala wapi miezi sita ijayo, na shamba lake litakuwa la nani akitoka. Haya ni maswali ya bajeti na hatimiliki. Tuonyeshwe ramani ya miteremko ya kaunti, kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale, ikiwa imebandikwa kwa chifu badala ya kufungiwa kwenye kompyuta ya mshauri. Tuonyeshwe mkataba wa kila barabara mpya ya mlimani na mstari wa pesa za mitaro na kuta. Na ardhi itangulie, yenye hati, yenye maji, yenye udongo unaozaa, kabla mtu yeyote hajashika maikrofoni kutamka neno "hameni".

Bajeti za kaunti husomwa mwezi wa sita, na kabla ya hapo kuna vikao vya maoni ya umma ambavyo huwa na viti vitupu na soda nyingi. Mimi nitaenda cha kwetu. Nina swali moja tu, lina maneno mawili.